Kabla Mawingu Hayajapanda: Matembezi ya Nairobi hadi Nyeri na Nanyuki

Jumamosi alfajiri, kabla jua halijachungulia juu ya Ol Donyo Sabuk, Barabara ya Thika huwa imeshajaa magari yanayoipa Nairobi kisogo. Kuna wanaokwenda mazishini na wanaokwenda kupeleka mahari, kuna wazazi wanaokwenda kuwaona watoto shuleni, na kuna wale wasio na shughuli yoyote ila hamu ya kuuona mlima kabla haujajifunika. Mlima Kenya hauna subira na mtu anayependa kulala. Mapambazuko vilele vyake husimama wazi. Ikikaribia saa nne mawingu hupanda kutoka msituni, na mgeni aliyekawia kunywa chai Thika huishia kuoneshwa kwa kidole mahali mlima ulipo.

Kwa hesabu ya leo ni safari fupi. Nyeri iko takriban kilomita 150 kutoka jijini, Nanyuki karibu 200. Mtu hutoka asubuhi, akala nyama Karatina, akapiga picha kwenye mstari wa Ikweta, akarudi kulala Kasarani. Lakini kwa zaidi ya nusu karne waliokuwa na ruhusa ya kuitembea njia hii kwa raha zao walikuwa wachache, na wenyeji wa mlimani walikuwa wapagazi, wapishi, au watu wa kutazamwa kupitia dirisha la gari. Ilichukua muda mrefu, na damu nyingi, mpaka wakapata kukaa mezani na kuagiza.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899. Hapakuwa na mji, ni mahema na matope tu. Miezi miwili baadaye, msafara wa watu wapatao 170 uliondoka hapo kuelekea kaskazini ukiongozwa na Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa chuo kikuu cha Oxford. Tarehe 13 Septemba mwaka huo Mackinder na wenzake wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya kilele cha Batian. Majina ya vilele aliyatoa kwa laiboni wa Wamaasai na jamaa zake: Batian, Nelion, Lenana. Wakikuyu, waliokuwa wakiishi chini ya mlima huo na kuelekeza nyuso zao huko wanapomwomba Ngai, hawakuulizwa. Kwao ulikuwa Kirinyaga, na hapakuwa na sababu ya mtu kwenda kumpandia Mungu kwenye paa la nyumba yake.

Nyeri yenyewe ilizaliwa kwa bunduki. Desemba 1902, baada ya mapigano na watu wa Tetu, kikosi cha King's African Rifles alichokuwemo Richard Meinertzhagen kilipiga kambi karibu na kilima cha Nyeri, na kambi hiyo ikawa boma, na boma likawa mji wa wilaya. Mwaka huohuo mapadri wa Consolata kutoka Torino, Italia, walikuwa wameingia nchi ya Wakikuyu. Haukupita muda wakajenga Mathari, nje kidogo ya mji. Kwa hiyo askari, padri na mlowezi walifika karibu pamoja, na kila mmoja alikuja na wazo lake la jinsi ya kuitumia siku ya Jumapili.

Mlowezi alitaka kuvua samaki. Lakini mito baridi ya milima ya Aberdare haikuwa na samaki aliowajua, hivyo wakaletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyejigamba kutembea kutoka Cape Town hadi Cairo, alikuwa miongoni mwa walioleta mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, yakatiwa katika mto Gura. Mayai yalivuka bahari, yakapanda reli, yakabebwa vichwani kupanda mlima ili baadaye bwana fulani apate kusimama na ndoana mahali panapofanana na kwao. Wakikuyu wa zama hizo hawakuwa walaji wa samaki, na bila shaka walilitazama jambo hilo lote kwa mshangao. Trauti walistawi. Wapo mpaka leo, na Kiganjo kuna kituo cha serikali cha kuwazalisha.

Chini kwa Thika, pale mito ya Chania na Thika inapoangukia majabali, hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa mwaka 1908. Ndiyo ilikuwa pumziko la kwanza la wasafiri: waliotoka Nairobi kwa farasi na magari ya ng'ombe walilala hapo, na motokaa zilipoanza kuzoeleka, watu wa jijini walianza kuja kula chakula cha mchana mbele ya maporomoko na kurudi siku hiyohiyo. Huko Nyeri nako walowezi watatu, wakiwemo Lord Cranworth na Berkeley Cole, walianzisha hoteli ya White Rhino. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikasimama kwa miaka mingi, kisha ikasukumwa polepole kupitia Karatina na Kiganjo hadi ikafika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Nyeri mji reli iliupita pembeni. Stesheni yake ni Kiganjo, na abiria alipaswa kutafuta usafiri mwingine kufika mjini.

Mtu aliyeigeuza Nyeri kuwa mahali pa kutembelewa anaitwa Eric Sherbrooke Walker, na maisha yake yangemtosha mwandishi wa riwaya. Alifanya kazi chini ya Robert Baden-Powell katika siku za mwanzo za skauti, akawa rubani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akaangushwa na kufungwa na Wajerumani, akajaribu kutoroka mara kadhaa. Baada ya vita, Marekani ilipopiga marufuku pombe, Walker alijitajirisha kwa kuingiza wiski kwa magendo. Kisha akamwoa Lady Bettie Feilding, binti wa ukoo wa kitemi wa Uingereza, na pesa za magendo zikaja kutulia kwenye ukingo wa bonde la mto Chania, zikiutazama Mlima Kenya. Hoteli ya Outspan ilifungua milango mwaka 1928.

Jina hilo ni la Wazungu wa Afrika Kusini: mahali pa kuwafungua maksai nira baada ya safari. Mgeni wa Outspan alitoka Nairobi asubuhi, akala mchana, akacheza gofu, akavua samaki, na jioni akakaa kwenye nyasi akingoja mawingu yafunguke. Lakini Walker aliona kwamba wageni walitaka kuona wanyama bila kuhatarisha maisha wala kutoka jasho. Mwaka 1932 alijenga chumba kidogo juu ya mti wa mugumo katika msitu wa Aberdare, juu ya dimbwi ambalo tembo na vifaru walikuja kunywa maji na kulamba chumvi. Akakiita Treetops.

Mgeni aliletwa kwa gari hadi ukingo wa msitu, akatembea mguu kwa mguu nyuma ya mwindaji mwenye bunduki, na kando ya njia palikuwa na ngazi zilizopigiliwa kwenye miti ili watu waparamie kifaru akitokea. Akifika alipanda juu, ngazi ikavutwa, na usiku mzima akanong'ona. Biashara hiyo ilifanikiwa kupita kiasi. Kinachostahili kuongezwa ni kwamba mugumo kwa Wakikuyu ni mti mtakatifu. Chini yake wazee walichinja mwanakondoo na kuomba mvua. Juu yake sasa palilala watalii na chupa zao za wiski. Hakuna ushahidi kwamba Walker alilifikiria hilo hata mara moja.

Na Mkikuyu wa kawaida, je, alitembea wapi? Tangu mwaka 1920 mwanamume Mwafrika aliyetoka nje ya eneo lililotengewa kabila lake alilazimika kubeba kipande, cheti cha usajili chenye alama za vidole, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati kama kengele ya mbuzi. Mwajiri aliandika humo tarehe ya kuanza kazi na ya kumaliza. Kutoka Nairobi kwenda Nyeri kumwona mama mgonjwa lilikuwa jambo la kuombea ruhusa. Mlango wa mbele wa hoteli haukuwa wake. Aliingilia wa jikoni.

Mwaka 1938 mzee Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuja kumalizia uzee wake karibu na Walker, msaidizi wake wa zamani. Alijengewa nyumba ndogo, Paxtu, ndani ya viwanja vya Outspan, na hapo akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro lina alama moja ya skauti, duara lenye nukta katikati, ambayo kwa skauti humaanisha kwamba mwenye njia amekwenda nyumbani. Kila mwaka karibu na tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa, maskauti kutoka kona zote za Kenya humiminika hapo kwa mabasi, na kwa watoto wengi wa Nairobi hayo ndiyo yalikuwa matembezi ya kwanza kabisa nje ya jiji.

Vita vya Pili vya Dunia viliuletea mlima wageni wasiotarajiwa. Maelfu ya wanajeshi wa Italia waliotekwa Ethiopia na Somalia waliwekwa kambini Kenya. Mmoja wao alikuwa Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa Afrika Mashariki yote ya Italia. Alifia Nairobi Machi 1942, na leo amelala Nyeri, katika kanisa la ukumbusho la Mathari, pamoja na mabaki ya mamia ya askari wake. Lakini tukio linalosimuliwa zaidi ni la Nanyuki, Kambi namba 354.

Felice Benuzzi alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni ya Italia, mpanda milima tangu utotoni. Kupitia seng'enge ya kambi aliuona Mlima Kenya asubuhi moja baada ya mvua, na tangu hapo hakupata usingizi. Kutoroka kurudi Italia kulikuwa ndoto. Kutoroka kwenda matembezi, akafikiri, kunawezekana. Akawapata wenzake wawili: Giovanni Balletto, daktari, na Vincenzo Barsotti. Kwa miezi kadhaa walibana chakula chao, wakageuza nyundo kuwa mashoka ya barafu, wakatengeneza njumu za chuma kutoka vyuma chakavu. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni karatasi ya kopo la chakula iliyochorwa mlima huo, nao waliipekua kama hati ya siri.

Tarehe 24 Januari 1943 walitoka kambini. Walifuata mto kupanda msituni, wakajificha mchana, wakawakwepa tembo na vifaru. Barsotti aliugua akabaki kwenye kambi ya juu. Benuzzi na Balletto walijaribu kilele cha Batian, theluji ikawarudisha. Tarehe 6 Februari wakafika Lenana na kusimika bendera ya Italia. Kisha wakafanya jambo ambalo bado linawachekesha wasomaji: wakashuka, wakiwa na njaa ya kutisha, wakaingia tena kambini wenyewe. Adhabu ilikuwa siku 28 za kifungo cha peke yao. Mkuu wa kambi, Mwingereza aliyependa michezo, aliipunguza hadi siku saba.

Kitabu alichokiandika Benuzzi kwa Kiingereza kina jina lenye mzaha kwamba kuupanda mlima ule hakukuwa pikiniki. Ndivyo. Hata hivyo, katika historia nzima ya watu waliotoka mjini kwenda mlimani kuburudika, ni vigumu kupata walioilipia safari yao kwa gharama kubwa zaidi, na walioitamani zaidi.

Wakati huohuo Karatina ilikuwa ikifanya kazi ya kulisha majeshi. Serikali ilijenga kiwanda cha kukausha mboga, na wakulima wa Nyeri wakahimizwa kulima kabichi, karoti na viazi kwa wingi. Vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa, na wakulima wakabaki na mboga shambani na kinyongo moyoni. Wanahistoria wa siasa za Kenya hukitaja kiwanda hicho miongoni mwa machungu yaliyojaza kikombe.

Kikombe kilifurika mwaka 1952, na ajabu ni kwamba Nyeri ilikuwa kwenye magazeti ya dunia mara mbili katika mwaka huo. Mara ya kwanza ni Februari. Binti wa mfalme wa Uingereza, Elizabeth, na mumewe Philip walikuwa wamefikia Sagana, katika nyumba ambayo koloni la Kenya lilimpa zawadi ya harusi mwaka 1947. Tarehe 5 Februari walikwenda kulala Treetops, ambayo Walker alikuwa ameipanua kwa ajili yao. Jim Corbett, mwindaji mashuhuri wa chui na simba milia wa India, aliyehamia Nyeri na kuishi katika nyumba ileile ya Paxtu, alikesha mlangoni na bunduki. Usiku huo Mfalme George VI alifariki usingizini Uingereza. Habari ziliwafikia wasaidizi wa Elizabeth mchana wa tarehe 6, alipokuwa amerudi Sagana. Mumewe ndiye aliyemwambia. Jioni walikuwa uwanja wa ndege wa Nanyuki, wakielekea Entebbe, kisha London.

Simulizi hiyo imeuza vyumba vya Nyeri kwa zaidi ya miaka 70. Mara ya pili haiuzi vyumba.

Tarehe 20 Oktoba 1952 gavana alitangaza hali ya hatari. Msitu wa Aberdare na wa Mlima Kenya, ambao walowezi waliuendea kuvua trauti na kutazama tembo, ukatangazwa eneo la marufuku. Mwafrika aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa. Ndani yake walikuwemo wapiganaji wa Jeshi la Ardhi na Uhuru, walioitwa Mau Mau. Kutoka Mweiga, mwendo mfupi kutoka mjini Nyeri, ndege ndogo za Harvard zilipaa kwenda kudondosha mabomu kwenye vichaka. Kutoka Eastleigh, Nairobi, zilikuja Lincoln, kubwa zaidi. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu pembezoni mwa msitu, likapandwa vijiti vilivyochongwa ncha, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kutoka maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji vyenye ulinzi. Aprili 1954 Nairobi nayo ikazingirwa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru maelfu kwa maelfu wakapakiwa kwenye malori. Kwa wengi wao hiyo ndiyo ilikuwa safari yao ya kurudi mlimani.

Mei 1954 Treetops iliteketezwa kwa moto. Mti ukaungua, vyumba vikaungua. Walker alijenga nyingine mwaka 1957, upande wa pili wa dimbwi, kubwa zaidi.

Tarehe 21 Oktoba 1956, karibu na Kahigaini, upande wa Tetu, Dedan Kimathi alipigwa risasi ya paja na polisi wa kikabila alipotoka msituni alfajiri. Alizaliwa hukohuko Tetu mwaka 1920. Alishtakiwa Nyeri mwezi uliofuata mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, akahukumiwa kifo, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Kaburi lake halijulikani. Mtalii anayeoneshwa la Baden-Powell, na hatua chache kando la Corbett aliyefariki 1955, anaweza kupita Nyeri nzima bila kuambiwa hilo. Waongozaji wengine siku hizi hulisema, na mnara umewekwa Kahigaini. Ni barabara ya vumbi tu inayoitenganisha sehemu hiyo na lami, lakini magari ya watalii yanayoingia si mengi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza iliposhushwa Nairobi, Kisoi Munyao alikuwa kwenye kilele cha Lenana na bendera mpya ya Kenya. Miaka 20 na ushei ilikuwa imepita tangu Benuzzi asimike yake mahali hapohapo. Nyumba ya Sagana nayo ikakabidhiwa kwa serikali mpya, na marais wa Kenya wamekuwa wakiitumia tangu hapo.

Uhuru ulifungua milango ya hoteli kisheria. Kifedha, hiyo ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1959 mwigizaji wa Hollywood William Holden na washirika wake walikuwa wamenunua hoteli nje ya Nanyuki na kuifanya Mount Kenya Safari Club, klabu ya matajiri wa dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikajengwa The Ark ndani ya Aberdare, mfano wa safina, kwa mtindo uleule wa kukesha juu ya dimbwi. Wakenya walioingia humo kwa kawaida walivaa sare za kazi. Mawaziri na wafanyabiashara wachache walianza kuonekana kwenye meza, kisha wakazidi. Mwananchi wa kawaida wa Nairobi alikuwa na matembezi yake mengine: alikwenda ushago, kijijini kwao.

Hapo ndipo hadithi hii inapobadilika mwelekeo, na ni sehemu ambayo vitabu vya utalii huiruka. Tangu miaka ya 1960 mamilioni ya safari za kutwa zimefanywa kwenye njia hii na watu ambao hawakujiita watalii. Mfanyakazi wa Industrial Area aliyepanda matatu Ijumaa jioni akiwa na mkate na sukari, akarudi Jumapili na gunia la viazi, ndizi za cucu, yaani bibi yake, na kuku mwenye kamba mguuni, alikuwa ametoka jijini kwenda mashambani kupumua kama Mzungu yeyote wa Outspan. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na watu wa kuwaamkua. Ushirika wa matatu wa 2NK unaotoka Nyeri na ule wa 4NTE wa Nanyuki umekua mkubwa kwa abiria wa namna hiyo.

Na kuna siku za kuwatembelea wanafunzi. Nyeri imejaa shule za bweni: Nyeri High, Kagumo, Tumutumu, Bishop Gatimu Ngandu na nyingi nyingine. Jumamosi au Jumapili iliyopangwa, barabara hufurika wazazi wenye sufuria za pilau, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa na soda kwenye ndoo ya maji baridi. Shuka hutandikwa kwenye nyasi za uwanja wa shule, familia huketi, kijana hula kana kwamba hajaona chakula tangu muhula uanze, na mlima, kama umejaliwa kuonekana, unasimama nyuma yao. Akina mama hulinganisha chapati, akina baba hulinganisha magari. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kama kuna mtu anayetaka kujua jinsi Wakenya wanavyotembea mashambani kwa kujiburudisha, aende huko kabla ya kwenda kwenye hoteli.

Mahujaji nao wana njia yao. Sista Irene Stefani wa Consolata, ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha kwa huruma yake, aliwauguza wapagazi wa jeshi katika Vita vya Kwanza na akafariki Oktoba 1930, baada ya kuhudumu Gikondi. Alipotangazwa mwenyeheri tarehe 23 Mei 2015, umati uliokusanyika kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, ulijaza mabasi kutoka kila kona ya nchi. Tangu hapo Gikondi imekuwa kituo cha waamini wanaotoka Nairobi asubuhi na kurudi jioni.

Tarehe 8 Oktoba 2004 mbunge wa Tetu, Profesa Wangari Maathai, alikuwa njiani kutoka Nairobi kwenda Nyeri simu yake ilipolia. Aliambiwa ametunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alizaliwa Ihithe, kijiji kilicho upande uleule wa mji, na alikuwa amepigwa, kukamatwa na kudharauliwa kwa miaka mingi kwa kutetea miti. Gari liliendelea hadi Outspan. Pale, kwenye viwanja vya Walker, mbele ya mlima uliokuwa wazi, alipiga magoti akachimba shimo na kupanda mti wa kifabakazi, mti wa maua mekundu. Wahudumu wa hoteli walimpa koleo. Ilikuwa ziara fupi, na pengine ndiyo inayostahili kibao kikubwa kuliko vyote.

Siku hizi njia yenyewe imebadilika. Barabara Kuu ya Thika, yenye njia nyingi hadi kilomita 50 kutoka jijini, ilizinduliwa Novemba 2012 na Rais Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, Nyeri, ambako alizikwa Aprili 2022. Kuanzia Kenol kupitia Sagana hadi Marua, umbali wa kilomita 84, barabara ya njia mbili kila upande ilianza kujengwa 2020. Desemba mwaka huo treni ya abiria ya Nanyuki ilirudi baada ya miaka mingi ya reli kumea majani: hutoka Nairobi Ijumaa na kurudi Jumapili. Hujikokota, inasimama katika stesheni ambazo watoto wake hawakuwahi kuona treni, na matatu huishinda kwa saa kadhaa. Hata hivyo hujaa. Vijana wa Nairobi huipanda kwa ajili ya dirisha tu.

Wakishuka Nanyuki wanakwenda Ikweta. Pale kuna vijana wenye beseni, maji na njiti ya kiberiti, wanaoonesha kwamba maji yakimwagwa hatua 20 kaskazini ya mstari huzunguka upande mmoja, kusini upande mwingine, na juu ya mstari hayazunguki. Mchezo mzuri, na cheti huuzwa mwishoni. Wanasayansi wana habari mbaya: nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kutawala beseni. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa Marekani alilazimika kuyaacha maji yatulie saa 24 ndani ya tangi pana ndipo akaiona. Anayezungusha maji Nanyuki ni mkono unaoyamwaga. Lakini hakuna anayedai pesa zake.

Kwingine wanakwenda Ol Pejeta kuwaona Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani baada ya dume Sudan kufa Machi 2018. Au Ngare Ndare, upande wa Timau, kutembea kwenye daraja la kamba juu ya miti. Au mgahawa uliojengwa kwenye mugumo karibu na Burguret, kula trauti. Familia za Wakikuyu humwagilia limau na kuagiza ugali.

Msitu umezungushiwa uzio wa umeme. Shirika la Rhino Ark lililoanzishwa 1988 lilikamilisha uzio wa Aberdare, karibu kilomita 400, mwaka 2009, na wakulima wa pembezoni ambao baba zao walichimba handaki sasa wanalala bila kukesha wakifukuza tembo kwenye mahindi. Treetops, ile ya pili, ilifungwa wakati wa janga la Korona, Malkia Elizabeth, aliyelala katika ile ya kwanza, akiwa bado hai.

Jumapili alasiri magari yote haya hugeuka. Wengi husimama Karatina, soko ambalo vita viliwahi kulikopa na kulisahau. Wachuuzi hukimbilia madirisha na kabichi, karoti, viazi vya Kinangop na parachichi za Murang'a, na bei hushuka kadiri giza linavyoingia. Kuanzia Kenol msongamano huanza, na Githurai hakuna anayesonga. Upande wa pili wa barabara, matatu za kupanda mlimani zinapita wazi, zikiwarudisha Nyeri walioshinda jijini siku nzima kuwatembelea watoto wao.